SUMU YA UYOGA: TUJIFUNZE KUHESABU SAA

Kila mara watafiti wa nchi za nje wanapotangaza kwamba wamegundua jambo jipya juu ya sumu ya uyoga, habari huwafikia wananchi wetu zikiwa zimekatwa kichwa na mkia. Husemwa tu kwamba dawa imepatikana. Yupo anayesikia kwamba ni dawa ya macho, yupo anayesikia kwamba ni dawa ya utumbo, na mwingine huapa kwamba ni vidonge vile vile alivyopewa shangazi yake alipougua tumbo mwaka juzi. Kwa mtumishi wa serikali au mwalimu, ambaye majirani humwendea kuuliza maana ya mambo ya namna hii, hapana budi kuzifahamu habari hizi kwa ukamilifu, kwani katika jambo hili nusu ya habari yaweza kuua.

Uyoga ni chakula kizuri. Hilo lisemwe mapema, ili isije ikadhaniwa kwamba makala haya yanawakataza watu mboga ya wazee wao. Katika nyanda za miombo, kuanzia Tabora na Rukwa hadi Iringa na Ruvuma, uyoga ni kitoweo cha kuheshimika wakati wa mvua, na akina mama wa huko wanaujua kwa majina kama mfugaji anavyowajua ng'ombe wake. Wataalamu walioutafiti uyoga wa Tanzania, Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha mwaka 2003 kitabu kizima juu yake, na sehemu kubwa ya maarifa yaliyomo yalitoka vinywani mwa wanavijiji. Hiyo ni heshima kwa wanavijiji hao, wala si jambo la kustaajabisha. Watu waliokula kitu kwa vizazi vingi wamekifanyia majaribio kuliko maabara yoyote.

Lakini maarifa hayo yana mipaka ya mahali, na hapa ndipo penye shida yetu sisi tukaao Arusha.

Ngarenaro ni mtaa wa watu waliotoka kila pembe ya nchi. Jina lenyewe ni la Kimaasai, lenye maana ya maji meusi, lakini anayetembea kutoka hapo hadi soko la Kilombero atasikia lugha za makabila kadhaa kabla hajafika. Wamo walimu waliohamishwa kutoka Songea, makarani waliotoka Tabora, askari, mafundi na wachuuzi. Kila mmoja amekuja na jicho lake la kuchagulia mboga. Jicho hilo lilifunzwa katika msitu mwingine, juu ya udongo mwingine, chini ya miti mingine. Akipanda Jumapili kuelekea misitu ya kupandwa iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Meru, anaingia chini ya misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Na miti ya kigeni haikuja peke yake. Msonobari hauwezi kustawi bila kuvu wa ardhini wanaoshirikiana na mizizi yake. Katika nchi nyingi za joto miche ya misonobari ilidumaa na kugeuka manjano hadi wataalamu wa misitu walipoleta udongo wenye kuvu hao kutoka mahali pengine. Ndiyo kusema msitu uliopandwa na mkono wa binadamu una uyoga ambao bibi zetu hawakuuona, na ambao haumo katika hadithi wala katika majina yao. Ule mwekundu wenye madoa meupe, unaopendwa na wachoraji wa vitabu vya watoto, ni mmoja wa wageni hao, na ni wa sumu.

Mfano mmoja utosheke kuonyesha jinsi kanuni ya nyumbani inavyoweza kumwangusha msafiri. Katika ukoo wa uyoga uitwao Amanita wamo wauaji wakubwa kuliko wote duniani. Wengi wa ukoo huu hutambulika kwa mfuko ulio mfano wa kikombe pale shinani, na wengine pia kwa pete kwenye shina, na kwa mapindo meupe chini ya kofia. Mwalimu wa sayansi angependa sana kuwaambia wanafunzi wake kwamba kila uyoga wenye kikombe ni sumu, na maneno yakaishia hapo. Lakini katika miombo ya Tanzania na Zambia wapo Amanita wanaoliwa sana, wenye kikombe hicho hicho, nao huuzwa kando ya barabara. Mtu aliyekua akiwala hao hawezi kukuamini ukimwambia kikombe ni alama ya kifo. Amekwisha kula kikombe hicho mara mia. Basi akihamishiwa mahali pengine, akaona kofia nyeupe na kikombe chini yake, mkono wake hunyoosha wenyewe.

Jambo hili limewapata watu wa mataifa mengi. Mwaka 2015, wakimbizi wengi walipoingia Ujerumani, hospitali ya chuo cha udaktari cha Hannover ililazimika kutoa mabango ya onyo kwa lugha kadhaa, Kiarabu na Kikurdi zikiwamo, kwa sababu wageni kutoka Syria walikuwa wakichuma uyoga wa kifo wakidhani ni ule unaoliwa katika nchi za Mediterania. Mwaka 2021 familia ya Waafghani waliohamishwa kutoka Kabul ilipewa makazi karibu na msitu nchini Poland. Watoto wawili wa kiume, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 6, walikufa baada ya kula uyoga uliochumwa hapo. Yule wa miaka 6 alipandikizwa ini jipya, wala haikusaidia. Walitoroka vita, wakauawa na mchuzi. Tofauti kati ya watu hao na mtumishi aliyehamishwa kutoka nyanda za kusini hadi chini ya Meru ni ya umbali tu.

Sasa tuitazame sumu yenyewe, maana mambo yake hayafanani na sumu nyingine.

Uyoga ulio mwingi katika kusumbua watu Afrika ni ule mkubwa mweupe wenye magamba ya hudhurungi, uotao kwenye nyasi za bustani, viwanja na mahali palipochungwa mifugo. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Mtu akiula hutapika na kuhara vibaya sana baada ya muda mfupi, saa moja hadi tatu hivi. Anaumia, anapungukiwa maji, lakini akipewa maji ya kutosha kwa kawaida hupona. Huu hutambulika kwa vumbi la mbegu zake: ukikata kofia na kuilaza juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, asubuhi utakuta vumbi la kijani. Hili ni jaribio ambalo shule yoyote ya msingi inaweza kulifanya kwa karatasi na bilauri ya kufunikia, na mwalimu atakayelifanya atakuwa amefundisha somo ambalo watoto hawatalisahau. Ila awaambie pia kwamba kukosekana kwa kijani si kibali cha kula. Vumbi la Amanita ni jeupe.

Uyoga wa kifo, kinyume chake, hauna haraka. Sumu yake kuu huitwa amanitini. Haiharibiwi kwa kuchemsha, wala kwa kukaanga, wala kwa kukausha juani, na uyoga wenyewe hauna uchungu; waliookoka husema ulikuwa mtamu. Mtu akila saa 2 usiku, hulala vizuri. Kati ya saa 6 na saa 24 baadaye, mara nyingi alfajiri au asubuhi ya siku ya pili, huanza kutapika na kuhara maji matupu, mfano wa kipindupindu. Hali hiyo huendelea kwa siku moja hivi, kisha hupoa. Mgonjwa huketi, huomba uji, hucheka na watoto. Jamaa hushukuru na kurudi shambani. Kumbe ni katika saa hizo hizo za nafuu ndipo ini linapokufa. Siku ya tatu au ya nne macho huwa ya manjano, akili huchafuka, damu hukataa kuganda, na wengine hufa kabla ya juma kwisha.

Maelezo ya kisayansi ni haya. Ili chembe hai ya mwili iishi lazima inakili maagizo kutoka kwenye urithi wake na kutengeneza protini kila saa. Amanitini hukamata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo ya kunakili na kukizuia. Ini ndilo linaloathirika kwanza kwa kuwa chembe zake zina milango inayoipokea sumu hii kutoka katika damu. Kisha ini hujaribu kuitoa kwa njia ya nyongo, nyongo humwagikia katika utumbo, na utumbo huifyonza tena na kuirudisha kwenye ini. Mzunguko huu ndio unaofanya kiasi kidogo sana, hata kofia moja, kiweze kumuua mtu mzima. Na mzunguko huu ndio unaoeleza kwa nini watafiti, katika kutafuta dawa, wamekuwa wakiutazama utumbo kwa jicho la pekee.

Hapo ndipo inapoingia habari ya dawa za utumbo. Mtu wa kwanza kuwashangaza watu kwa njia hii alikuwa daktari Mfaransa, Pierre Bastien, wa mji wa Remiremont. Alikuwa akiwatibu wagonjwa wake kwa sindano za vitamini C pamoja na dawa za kusafisha utumbo, mojawapo ikiwa nifuroksazidi, dawa iliyozoeleka kwa kuhara. Wenzake hawakumwamini. Basi katika miaka ya 1970, na tena mwaka 1981, alikula uyoga wa kifo mwenyewe hadharani, akajitibu, akapona. Ushujaa huo hakuna awezaye kuubeza. Lakini mtu mmoja aliyepona si uthibitisho: alijua alichokula, alijua kipimo chake, na alianza dawa mapema, ambapo mgonjwa wa kijijini hajui hata mojawapo ya hayo matatu. Njia yake haikuwa mwongozo wa kawaida wa hospitali za dunia.

Yafaa pia kutaja sulfasalazini, kwa kuwa ndiyo dawa ya uvimbe wa utumbo iliyo maarufu zaidi na historia yake ina funzo. Daktari Mswidi, bibi Nanna Svartz, aliitafuta miaka ya mwisho ya 1930 kwa ajili ya ugonjwa wa viungo. Akaunganisha dawa mbili kuwa moja. Ikatokea kwamba wagonjwa waliokuwa na vidonda vya utumbo mpana ndio walionufaika zaidi, naye akaandika matokeo yake mwaka 1942. Ilikuwa mpaka mwaka 1977 ndipo watafiti wa Oxford walipoonyesha kwamba vijidudu vya utumboni huivunja dawa hiyo vipande viwili, na kwamba kipande kimoja tu ndicho kinachotuliza uvimbe. Miaka 35 watu walitibiwa bila kujua dawa inafanyaje kazi! Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa ya zamani, basi, yaweza kuwa na kazi mpya ambayo aliyeitunga hakuiwaza, na mtafiti anayepekua makabati ya dawa za zamani hapotezi wakati wake.

Hata hivyo, sulfasalazini imetengenezwa kwa uvimbe wa utumbo, na haimo katika matibabu ya kawaida ya sumu ya uyoga. Tena yenyewe, kwa watu wachache, huweza kuliumiza ini. Mtu aliyekula uyoga wa kifo, kisha akapewa na jirani vidonge vya tumbo alivyobakiza, anaongezewa mzigo juu ya ini ambalo tayari limeelemewa. Hayo hayo yasemwe juu ya parasetamoli, ambayo watu wetu huimeza kwa kila maumivu, na hasa juu ya vidonge vya kufunga kuhara vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa muhimu. Kuhara kwa mgonjwa huyu kunamsaidia kutoa sumu. Ukikufunga, unaifungia sumu ndani ili izunguke tena. Muuza dawa asiyeuliza swali lolote, akatoa kidonge na kupokea fedha, huweza kuwa ametenda kosa kubwa bila kujua, na mteja akamshukuru.

Ugunduzi uliopewa sauti kubwa zaidi ulitoka China. Mwezi Mei 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, mjini Guangzhou, walichapisha kazi yao katika jarida la Nature Communications. Walichukua chembe za binadamu, wakazima jeni moja baada ya nyingine, kisha wakazimwagia amanitini ili waone zipi zitakazoishi. Waligundua kwamba chembe zilizokosa protini iitwayo STT3B zilistahimili sumu. Wakatafuta kwa kompyuta, miongoni mwa dawa zaidi ya 3,000 zilizokwisha kuidhinishwa Marekani, dawa iwezayo kuizuia protini hiyo, wakapata rangi ya kijani iitwayo indosianini, ambayo madaktari huitumia tangu miaka ya 1950, na leo huitumia kupigia picha mishipa ya macho na kupima kazi ya ini. Panya waliolishwa sumu kisha wakapewa rangi hiyo walipona kwa wingi kuliko wasiopewa.

Kazi hiyo ni safi. Lakini ilifanywa kwa panya, na sharti lake kubwa lilikuwa mapema: kadiri sindano ilivyochelewa, ndivyo faida ilivyopungua, na watafiti wenyewe hawakulificha hilo. Panya wa maabara hupewa dawa saa 4 baada ya sumu kwa sababu mtu mwenye saa ukutani ndiye aliyemlisha. Mwananchi wa Ngarenaro, saa 4 baada ya chakula cha jioni, amelala fofofo wala haumwi popote. Atakapoanza kuumwa, ule wakati mzuri wa panya utakuwa umepita. Hili ndilo linalosahauliwa na wale wanaotangaza kwamba dawa imepatikana, na nathubutu kusema kwamba hata dawa hiyo ikithibitishwa kesho kwa binadamu, haitamsaidia mtu ambaye zahanati ilimrudisha nyumbani na chumvi ya kuongeza maji kwa kuwa hakuna aliyemwuliza alikula nini jana.

Matibabu yanayojulikana leo, kwa kweli, mengi si ya ajabu. Maji ya mshipa kwa wingi. Mkaa maalum wa hospitali unaonyweshwa mara kwa mara ili uinase sumu kila inaporudi utumboni. Asetilisisteini, ambayo ni dawa ya waliozidisha parasetamoli. Penisilini kwa kipimo kikubwa. Na silibini, itokanayo na mmea wa miiba wa Ulaya, ambayo hufunga ile milango ya chembe za ini. Mkaa na asetilisisteini vyote viwili vimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Silibini ndiyo iliyo ngumu kuipata. Katika hospitali zilizo na vifaa vyote, katika watu 10 walioathirika mmoja au wawili bado hufa. Wanaoshindikana hupandikizwa ini. Sisi tumeanza kupandikiza figo Muhimbili mwaka 2017, nalo ni jambo la kujivunia; lakini kumwambia mkulima wa Oldonyosambu kwamba tumaini lake ni ini jipya ni kumdhihaki.

Kwa hiyo kinachoweza kufanyika Arusha kiko kabla ya hapo, katika zile saa za kwanza. Kwanza ni swali. Mgonjwa yeyote anayetapika na kuhara wakati wa mvua aulizwe alikula nini kwa muda wa siku mbili zilizopita, na kama ni uyoga, alikula saa ngapi na maumivu yalianza saa ngapi. Tofauti ya saa hizo mbili ndiyo kipimo cha bei nafuu kuliko vyote. Maumivu yakianza ndani ya saa 2 au 3, hofu ni ndogo, ingawa haiishi, kwani mtu huweza kuwa amekula aina mbili katika sufuria moja. Yakianza baada ya saa 6, mgonjwa huyo asirudi nyumbani hata kama anacheka. Apelekwe Hospitali ya Mount Meru au nyingine yenye maabara, ini lake lipimwe leo, lipimwe na kesho, na wote walioshiriki sufuria ile waletwe hata kama hawajaumwa. Mganga wa zahanati hahitaji mashine kwa hilo. Anahitaji kalamu na karatasi.

Pili ni hatari inayotokana na ukimya. Nyumba nzima ikiugua usiku mmoja, kisha ikapona, kisha ikaanza kufa mmoja mmoja, watu hutafuta mkono wa mtu. Jirani mwenye ugomvi wa mpaka, mke mwenza, bibi kizee aishiye peke yake: tunajua lawama huelekea wapi. Ile nafuu ya uongo ndiyo inayochochea moto, maana watu husema, alikuwa amepona, basi nani amemrudia? Mwalimu anayeweza kusimama mbele ya wazazi na kueleza kwamba sumu ya uyoga ina tabia hiyo ya kupoa na kurudi, anaweza kuokoa maisha ya mtu ambaye hakula uyoga kabisa.

Kuna na zile kanuni za uongo zinazorithishwa kama ukweli. Kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama. Konokono hula uyoga wa kifo na kuendelea na safari yake. Kwamba sarafu ya fedha au kitunguu kikitiwa chunguni hubadilika rangi penye sumu, havibadiliki. Kwamba ukimenyeka ngozi ya kofia hauna neno. Kwamba jaribu kwa kumpa paka kwanza. Hii ya mwisho ni mbaya zaidi ya zote kwa sababu inaonekana kuwa ya kisayansi, lakini kwa sumu inayongoja saa 12, paka atakuwa mzima na familia imekwisha kula.

Uyoga wa kichuguu, ule wa kuota juu ya makazi ya mchwa na wenye mzizi mrefu unaoshuka ndani ya ardhi, ni miongoni mwa ule ulio rahisi kuutambua kwa anayechimba shina lake lote badala ya kulikata juu ya ardhi. Nao uyoga wa kupandwa, kama ule wa mamama uoteshwao kwenye majani ya migomba au mabua, hauna mashaka hayo hata kidogo. Shule zenye kibanda kitupu na maganda ya mahindi yanayochomwa moto kila msimu zingeweza kuuotesha, zikapata mboga na somo kwa pamoja. Sioni kwa nini jambo hilo lingojee mradi wa wafadhili.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Haikutumia maarifa magumu. Ilichukua mambo machache yaliyo wazi ikayarudia mpaka yakawa mazungumzo ya kilabuni. Sumu ya uyoga inastahili robo saa ya namna hiyo kila mwaka, wiki moja kabla ya masika, katika redio za mkoa na katika mistari ya asubuhi shuleni. Lakini robo saa hiyo inahitaji mtu anayejua ni uyoga gani hasa unaoota hapa, na hapo hatujakaa vizuri. Arusha ina Hifadhi ya Taifa ya Mimea iliyokusanywa kwa miaka mingi na taasisi ya utafiti wa viuatilifu pale Ngaramtoni, ambayo sasa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ina chuo cha misitu Olmotonyi. Ina Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, yenye maabara za kisasa. Wataalamu wa mahali hapo patatu wakikaa siku moja wanaweza kuanza daftari la uyoga wa misitu ya Meru, lenye picha, majina ya kienyeji na neno moja mbele ya kila jina: unaliwa, haufai, au unaua. Daftari hilo lingebandikwa katika zahanati na vituo vyote vya afya vya mkoa.

Mpaka hapo litakapokuwapo, mgonjwa ndiye anayebeba ushahidi. Mabaki ya uyoga, hata maganda na mashina yaliyotupwa jalalani, yafungwe katika karatasi, si katika mfuko wa nailoni ambamo huoza haraka, yaende pamoja na mgonjwa. Mtaalamu aitwaye Meixner alieleza mwaka 1979 jinsi fundi wa maabara awezavyo kukamua tone la maji ya uyoga mbichi juu ya karatasi ya gazeti, kuliacha likauke bila kulipasha moto, kisha kulidondoshea asidi kali ya haidrokloriki: penye amanitini, doa hugeuka samawati ndani ya dakika chache. Ni kipimo chenye makosa yake, si cha jikoni, na doa lisipotokea mtu asitumie jibu hilo kama ruhusa ya kula. Lakini asidi hiyo imo katika maabara nyingi za sekondari, na karatasi ndiyo hii unayoisoma.